Beki wa Kijapani na Kikoi Changu

Leo nimevuliwa nguo na beki wa Kijapani. Mchana kweupe, katikati ya uwanja wa mpira, hapa Riyadh, mbele ya watu waliokuja na watoto wao. Nakuandikieni mapema, ndugu zangu wa barza yetu ya Kandara kule Jiddah, ili jambo hili mlipate kutoka kwangu kabla hamjalipata kwenye simu. (Wengine mmeshalipata. Hemedi, nimeona umeituma ile video mara tatu. Mara moja ingetosha.)

Nitasimulia kwa mpangilio, tangu mwanzo. Sitajitetea. Pengine kidogo.

Jina la beki mwenyewe silitaji, kwa sababu yeye hakuyaomba haya. Nitamwita Beki tu. Anachezea timu moja ya wanawake hapa Riyadh, beki wa kati, alikuja kutoka Japani msimu wa juzi. Si mrefu. Hapigi kelele. Ukimtazama haraka utadhani hafanyi kitu, maana hakimbii sana. Mpira unapofika, yeye ameshafika zamani. Akikunyang'anya hakugusi. Mjukuu wangu Aziza anasema ni kama mtu anayekuondolea kikombe mezani umalizapo chai, ukaja kushtuka meza ni tupu.

Lakini si maarufu. Hachukiwi, hapana. Watu hawamkumbuki tu. Timu hiyo ina mshambuliaji ambaye picha yake imebandikwa kwenye matangazo ya manukato, na kila mtoto uwanjani amevaa jezi ya mshambuliaji. Aziza alipokwenda dukani kutafuta jezi ya Beki hakuikuta ukutani hata moja. Ikabidi iagizwe. Muuzaji akamwuliza mara mbili kama ana uhakika na namba.

Aziza ana miaka kumi na minne. Ni mtoto wa binti yangu Rukia, wanakaa hapa Riyadh, na yeye mwenyewe anacheza beki katika kituo cha mpira cha wasichana. Kwa hiyo mtaelewa mapenzi yake yanatoka wapi.

Miezi miwili iliyopita timu ikatangaza kura ya mashabiki. Kila mtu achague kwa simu yake mchezaji anayempenda zaidi. Baada ya wiki moja Aziza akanipigia Jiddah.

"Babu, Beki ni wa pili kutoka mwisho."

"Wa mwisho nani?"

"Kipa wa akiba. Na yule amevunjika mkono, hajacheza tangu msimu uanze."

Hapo ndipo nilipoingia. Lakini kabla sijaeleza nilivyoingia, lazima niseme jambo ambalo wengi wenu mnalijua na hamlisemi mbele yangu.

Rukia alipokuwa na umri huu wa Aziza alicheza mpira. Mnakumbuka. Kwenye kile kichochoro chetu cha Kandara, na kaka zake, na watoto wa majirani. Alikuwa hodari kuliko wote, na mimi nilimwona, nikafurahi, nikanyamaza. Halafu siku moja mmoja wenu akaniambia barazani, "Seif, binti yako anakimbia na wanaume." Nikainuka. Nikaingia jikoni, nikatoka na kisu, nikauchoma ule mpira mbele ya watoto wote. Nakumbuka sauti yake. Haukupasuka kwa kishindo, ulitoa pumzi taratibu. Nikarudi kukaa, mkanimiminia kahawa, mkasema nimefanya la kiume.

Rukia hakulia, hakunilaumu. Aliacha tu kunieleza mambo yake. Alipoolewa akahamia Riyadh, akazaa, mtoto akaanza mpira, na mimi habari za mechi zote nilikuwa nazipata kwa mjukuu, tena kwa kunong'ona. Hakuna mechi hata moja niliyoalikwa. Miaka yote hiyo. Naye ana haki.

Basi Aziza aliponilalamikia kuhusu Beki, nilijiambia hapa kuna kitu ninachoweza kufanya. Mzee kama mimi hawezi kuurudishia mpira upepo wake. Lakini kupiga kampeni anaweza.

Nikaanza na ninyi. Hemedi alinicheka palepale dukani kwake, mkono mmoja kwenye buli. "Bwana Seif, wewe na mpira wa wanawake wapi na wapi?" Nikamwambia apige kura kwanza, maswali baadaye. Akapiga. Akampigia mshambuliaji. Akasema kidole kimeteleza. (Kidole cha Hemedi huteleza daima kuelekea kwa wanawake wenye manukato.)

Aliyeniokoa ni Njeri. Kwa msiomjua, Njeri ni dada wa Kikenya anayefanya kazi za ndani kwa familia moja nyuma ya msikiti wetu, na kila Ijumaa hupita kwa Hemedi kununua unga wa ugali. Alinikuta nimeshika simu nanung'unika.

"Mzee, huyo ni nani sasa?"

"Beki wa Kijapani. Yuko Riyadh. Hakuna anayempigia kura."

"Kwani yeye hufanya kazi gani?"

"Wenzake wakivuruga kule mbele, yeye anasafisha huku nyuma."

"Na wanamshukuru?"

"Mafi. Hakuna hata mmoja."

Njeri akaweka unga chini. "Hiyo kazi naijua," akasema. "Hebu nitumie hiyo linki."

Sikujua nimeshika nini. Ijumaa iliyofuata linki yangu ilikuwa imezunguka simu za akina dada wa Kikenya na wa Kiganda, Jiddah, Riyadh, mpaka Dammam. Watu ambao hawajawahi kutazama mechi hata moja walikuwa wanapiga kura jikoni, vyombo vikiwa kwenye sinki. Mmoja alimwambia Njeri ameshamweka Beki kwenye maombi. Mwingine aliuliza kama kafili wake, yule mwajiri aliyemleta nchini, anampa siku ya kupumzika. Beki akapanda. Akampita kipa mzima. Akawapita viungo. Siku ya mwisho akampita yule wa manukato, na Aziza alinipigia simu anapiga mayowe.

Halafu ukaja ujumbe kutoka kwa timu. Linki iliyoleta kura nyingi kuliko zote ilikuwa yangu, kwa hiyo mimi ndiye shabiki mkuu wa mshindi. Wakati wa mapumziko nitaitwa uwanjani nicheze naye kidogo, kwa furaha ya watu: nimpite yeye peke yake, nifunge kwenye goli dogo. Nikajibu ndiyo kabla sijamaliza kusoma.

Rukia sikumwambia. Hilo ni kosa langu la kwanza, na ndilo kubwa, maana siku chache baadaye Rukia alinialika. Mara ya kwanza. Alinipigia mwenyewe.

"Baba, njoo uangalie mechi ya timu ya Beki pamoja nasi. Lakini uje kama mgeni. Ukae kitini. Usimsemeshe mtu, usimfundishe mtu, usinyanyuke. Ukitulia, tutaona habari ya Ijumaa."

Nikamwahidi. Ijumaa hii Aziza anacheza mechi yake. Hiyo ndiyo niliyokuwa naitaka. Safari yote kutoka Jiddah, saa zote zile ndani ya basi na mgongo wangu huu, haikuwa kwa ajili ya Beki. Ilikuwa kwa ajili ya Ijumaa. Nilichotakiwa kufanya ni kukaa kitini. Kitu ambacho, ninyi mnanijua, nimekifanya barazani kwa miaka arobaini bila kuchoka.

Sasa leo.

Nilivaa kanzu yangu nyeupe, ile nyepesi, na ndani nikafunga kikoi kama tulivyofunzwa na wazee wetu. Wenyeji wa hapa huvaa suruali ndefu chini ya kanzu. Mimi nikivaa suruali chini ya kanzu hujiona kama mtu aliyevaa nyumba mbili. Nikajipaka udi. Nikajitazama kwenye kioo nikaona mtu wa heshima. (Ilikuwa mara ya mwisho kumwona.)

Uwanjani Rukia alinikalisha kiti cha ndani kabisa, upande wa ukuta, yeye akakaa pembeni yangu na Aziza akafuatia. Nilielewa. Nikitaka kutoka, lazima nipite juu ya magoti ya binti yangu. Nikakaa. Mechi ikaanza. Mshambuliaji akigusa mpira, uwanja mzima unapiga mayowe. Beki akiuondoa mpira mdomoni mwa goli, kimya, watu wanafungua chipsi. Aziza peke yake anapiga makofi. Mimi nilipiga kwa vidole viwili, chini ya kanzu. Rukia akanitazama. Nikaacha.

Dakika arobaini na tano sikutoa neno. Mashahidi ninao.

Mapumziko. Mtangazaji akasema mshindi wa kura ya mashabiki ni fulani, akamtaja Beki. Beki akatoka peke yake mpaka katikati, akapewa shada la maua, akawa amelishika kama mtu aliyeambiwa "nishikie mara moja". Makofi machache. Nusu ya watu walikuwa wameshaelekea kwenye vyakula. Mtangazaji akasema sasa anamwita shabiki wake mkuu, Bwana Seif kutoka Jiddah.

Rukia akageuka. "Baba, amesema Seif?"

"Maseif wako wengi."

"Wa Jiddah, Baba?"

Kwenye skrini kubwa ikatokea picha yangu. Ile ya Idi, niliyoshika sahani ya halua.

"Umefanya nini?" akauliza Rukia. Sauti yake ilikuwa ndogo, na mimi nikajua imeshaharibika.

"Sijui wameitoa wapi hiyo picha..." Hapo nilikuwa nasema uongo, nikajirudi. "Hapana. Nilijibu, halafu ukanialika, na nikanyamaza. Niliogopa utaufuta mwaliko."

"Kaa, Baba. Uliniahidi."

"Mama, muache aende," akasema Aziza.

"Wewe nyamaza. Baba, nakuomba, kaa."

Nikakaa. Wallahi nilikaa. Mtangazaji akaita mara ya pili. Kule chini Beki alikuwa akitazama jukwaa la kulia, halafu la kushoto, halafu kulia tena. Hakuja mtu. Kuna waliokwisha kuanza kucheka kidogo kidogo. Nikaona hili jambo nimelifanya mimi. Nimewaamsha akina dada jikoni kwao, nimempandisha mtu mahali ambapo hakuomba kupanda, na sasa amesimama pale na maua, amechaguliwa na wote na hana hata mmoja. Kesho watasema kura zilikuwa za uongo.

"Nisamehe," nikamwambia Rukia. Nikanyanyuka. Nikapita juu ya magoti yake. Hakuyasogeza.

Ngazi zilikuwa nyingi. Kwenye ngazi za katikati nilihisi fundo la kikoi limelegea. Mtu mwenye akili angesimama, akaenda chooni, akafunga upya. Mimi nilikibana kwa kiwiko juu ya kanzu nikaendelea kushuka. (Kosa la pili. Nimeacha kuyahesabu hapo.)

Mlangoni dada mmoja wa timu aliomba ikama yangu, kile kibali cha ukaazi, akatazama picha, akanitazama, akaniruhusu. Nikaingia kwenye majani. Majani ya uwanja ni laini, ndugu zangu, sisi tulicheza kwenye vumbi nyuma ya stesheni ya zamani ya mabasi na hatukujua dunia ina kitu kama hiki. Beki akaniinamia. Nikamsalimu, nikaweka mkono kifuani. Akatabasamu kama mtu aliyeona mlango umefunguliwa. Nikasema moyoni, hata nikifukuzwa nyumbani kwa Rukia, hili limefaa.

Wakaniwekea mpira. Nikaanza kuusogeza. Beki akarudi nyuma polepole, akanifungulia njia, mikono mgongoni. Uwanja ukatoa ile sauti ya huruma ambayo watu hutoa wakiona mtoto anapanda ngazi.

Hapo ningenyamaza, ningefunga goli langu dogo, ningerudi kukaa. Lakini mnanijua. Nilikuwa winga wa kulia. Mabeki wa Kandara walikuwa wakiniona wanatafuta udhuru wa kwenda kuswali. Nikausimamisha mpira, nikamwambia Beki kwa Kiingereza changu cha sekondari kwamba asinihurumie, mjukuu wangu ananitazama, naye ni beki, na anataka kuona kazi.

Beki akanitazama usoni. Akaitikia kwa kichwa, mara moja. Akaliweka shada la maua chini. Akarudi hatua tatu, akakunja magoti.

Nikajua nimeomba kitu na nitapewa.

Nikaenda. Nilipanga kumpiga tobo, nipitishe mpira katikati ya miguu yake, nizunguke upande wa pili. Nilianza vizuri. Nikauvuka mpira kwa mguu wa kulia kumdanganya, na mguu ulipopanda, kiwiko kikaachia, na fundo nalo likaachia. Kikoi kikashuka mpaka vifundoni, kikachungulia chini ya kanzu. Mimi nikaendelea na chenga. Ndiyo, nilijua. Nilidhani nitawahi.

Beki akaja chini kwa chini, kwa kuteleza. Sikuguswa hata unywele. Nilihisi upepo tu. Nikatazama miguuni: mpira haupo. Nikatazama tena: kikoi hakipo.

Njumu za kiatu chake zilikuwa zimenasa pindo. Beki aliondoka na mpira, na kikoi kikaondoka na Beki, hatua sita au saba, kimenyooka nyuma yake kwenye majani kama mkia wa tiara.

Nataka ieleweke kwamba kaptula ya ndani nilikuwa nayo. Nataka pia ieleweke kwamba kanzu ilikuwa mahali pake. Lakini nilishasema ilikuwa ile nyepesi, na jua la saa kumi lilikuwa nyuma yangu, na kamera ilikuwa mbele. Kwenye ile skrini kubwa nilionekana kama kivuli cha korongo ndani ya chandarua. Watu wote waliokuwa wamekwenda kununua chipsi walirudi.

Sijapata kusikia kicheko cha namna ile. Kilianza jukwaa moja kikazunguka. Yule wa manukato alikuwa ameinama, ameshika magoti. Nikafanya jambo pekee lililobaki. Nikakaa chini. (Ahadi ya kukaa nimeitimiza, ila mahali pengine.)

Sasa sikilizeni, maana hili halimo kwenye ile video ya Hemedi, imekatwa.

Beki aliposimama na kuona amekokota nini, uso ulimbadilika. Hakucheka. Alikiokota kikoi, akakikung'uta majani, akakikunja mara mbili, halafu mara mbili tena, pembe kwa pembe, kama kimetoka kwa dobi. Akaja nacho mikono miwili. Akainama, akanipa. Nikakipokea. Lakini ningekifungaje pale, kamera iko usoni?

Akaliona hilo. Akageuka, akainua mkono, akawaita mabeki wenzake watatu waliokuwa wanapasha misuli pembeni. Sikusikia aliwaambia nini. Wakaja mbio, wakajipanga bega kwa bega mbele yangu, migongo kwangu, mikono mbele, vile vile wanavyojipanga frikiki inapopigwa. Yeye katikati. Wakasimama hivyo, wametazama jukwaa, hawacheki, kama kwamba kuna mpira unaokuja na hautapita.

Na mimi nyuma ya ukuta huo nikasimama, nikafunga kikoi changu. Mafundo mawili.

Kicheko kikafa. Mtu mmoja juu akapiga makofi, sijui nani, halafu jukwaa zima likainuka, na kwa mara ya kwanza tangu amefika nchi hii, Beki akaitwa kwa jina lake na uwanja mzima. Wakaliimba. Watoto waliovaa jezi ya mshambuliaji wakaliimba. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Hakujua aangalie wapi.

Mimi nilijua. Nilimwokotea maua yake.

Ngazi za kurudi zilikuwa ndefu kuliko za kushuka. Watu walininyooshea mikono, wengine wakanipiga picha. Nilipofika kwenye safu yetu Aziza alikuwa amelala kifudifudi kwenye mapaja yake mwenyewe, anacheka mpaka amepaliwa. Rukia alikuwa anatazama mbele. Safari hii aliyasogeza magoti. Nikapita, nikakaa kiti changu cha ukutani. Hakunisemesha.

Kipindi cha pili kikaanza. Simu yangu ikatetemeka, ni Njeri. Ujumbe wa sauti, nikausikiliza sikioni. "Mzee, ati madam wangu ameniita sebuleni akaniambia, kuja uone kihoja. Naangalia, ni wewe. Nikamwambia, madam, huyo ni mzee wetu. Amekataa kuamini. Lakini Mzee, umeona vile wamesimama mbele yako? Huku sisi wote tumelia."

Nikairudisha simu mfukoni. Kama kuna mtu amelia, basi hakuna haja ya mimi kulia.

Mechi ikiwa karibu kwisha, wapinzani wakatoka na mpira wa hatari, mshambuliaji wao peke yake na kipa. Beki akatokea pale anapotokea, akauondoa. Wala hakukimbia. Na uwanja wote ukapiga mayowe kama limefungwa goli.

"Ungekaa," akasema Rukia, bado anatazama mbele, "wasingemshangilia."

Nilijifunza leo kwamba kuna wakati wa kujibu na mimi huukosa. Lakini nikaona nikinyamaza tena sasa, nitanyamaza mpaka kaburini.

"Rukia. Ule mpira wako. Nilikosea."

"Najua ulikosea."

"Sikuanza kujua leo. Nilijua siku ile ile, kisu kikiwa bado mkononi."

"Kwa nini hukusema?"

"Barza ilikuwa inanitazama."

Akageuka, akanitazama vizuri, kuanzia kofia mpaka ndala. "Na leo ilikuwa inakutazama?"

"Barza yote. Na uwanja. Na madam wa Njeri."

"Njeri ni nani?"

"Nitakueleza."

Mdomo wake ukataka kufanya kitu, akauzuia. Refa akapuliza filimbi. Watu wakaanza kunyanyuka, na Rukia akaanza kukusanya chupa za maji na jaketi la Aziza, akinipa mgongo, na maneno yake akayasema humo humo kwenye kukusanya.

"Ijumaa ni saa kumi. Uwanja uko mbali na nyumbani, tutaondoka saa nane. Uvae suruali."

"Nitavaa. Na nitakaa kitini, Rukia, safari hii kweli..."

"Usikae," akasema. "Ukikaa atajuaje kama umekuja?"

Sasa hivi nipo Dirah, mtaa wa maduka hapa hapa Riyadh, kwenye duka la nguo, nimejaribu suruali ya nne. Zote ndefu. Muuzaji ananitazama, anatazama simu yake, ananitazama tena. Ameniuliza kwa adabu kama nina ndugu anayefanana na mimi. Nikamwambia sina, ni mimi. Akaniletea yenye kamba kiunoni na mkanda juu yake.

Nimemaliza. Nilivunja ahadi, nilidharau fundo la kikoi, nikamtania beki asiyetaniwa, na mpira wa binti yangu niliutoboa mimi, si barza. Hayo ni yangu, nayabeba. Kuhusu kushuka uwanjani siombi radhi kwa mtu yeyote. Kama mna vicheko, vimalizeni usiku huu, kwa maana Ijumaa saa kumi nitakuwa nimesimama napiga kelele, na hata mkinicheka sitawasikia.